Kutu ya Samli

Natumaini wote mmekwisha kaa na taa inawaka vizuri. Somo letu la leo ni la afya, nalo linahitaji vyombo. Msimamizi wa darasa, tafadhali weka mezani beseni pana, lililosuguliwa kwa majivu na kusuuzwa mara nyingi hata lisibaki sabuni wala mafuta. Lijaze maji safi. Weka na poda kidogo, ile tunayowapaka watoto. Kama haipo, vumbi laini la mkaa litafaa. Kisha tafuta njiti mbili za ufagio. Mwisho, vifuniko viwili vya chupa: kimoja kitiwe mafuta mapya ya kupikia, na cha pili kitiwe mafuta yaliyokwisha kaangiwa maandazi siku tatu au nne. Kwa hayo ya pili sidhani mtataabika. Mtu wa Karatu atembee tu mpaka karibu na stendi ya mabasi, atayapata.

Wakati msimamizi anatayarisha, niwaeleze somo hili lilivyoanza. Nilipata barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa kisomo, mzee mfugaji, anayekaa upande wa Ngorongoro na kushuka Karatu siku za mnada. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizonyooka, na barua hiyo ilinifurahisha kabla sijaanza kuisoma. Mzee alisema kwamba katika zahanati moja amepimwa damu, akaambiwa ina mafuta mengi, apunguze samli na nyama ya mafuta. Sasa yeye anauliza. Baba yake alikunywa maziwa na kula mafuta tangu utoto, akafa mzee sana, na hakuna aliyemwonya. Je, zahanati inamdanganya, au baba yake alikuwa na bahati tu?

Swali hili ni zuri, tena si la mzee huyo peke yake. Kulijibu kwa neno moja ni kumdharau. Basi leo tutalijibu kwa kupita njia ndefu kidogo, na njia hiyo inapita katika beseni lililo mbele yenu.

Msimamizi, andika ubaoni neno hili: KOLESTEROLI. Tulisome kwa silabi: ko-le-ste-ro-li. Tena. Kolesteroli ni kitu cheupe kama nta, kinachopatikana katika mwili wa kila mnyama na kila mtu. Kimo katika kiini cha yai, katika ubongo wa mbuzi, katika nyama, katika maziwa, siagi na samli. Katika mahindi, maharage na alizeti karibu hakimo kabisa. Watu wengi wakisikia jina hili hudhani ni sumu. Si sumu. Ini lako linaitengeneza kila siku, hata kama hujala nyama mwezi mzima, kwa sababu mwili hauwezi kuishi bila kolesteroli. Kazi yake moja kubwa tutaiona hivi punde.

Haya, tazameni beseni. Maji yakiisha kutulia, nyunyizeni poda juu yake, iwe nyembamba kama vumbi la barabara ya Mang'ola juu ya majani. Chukueni njiti ya kwanza. Chovyeni ncha yake tu katika mafuta mapya, kisha guseni maji katikati.

Mmeona? Poda imekimbia kwenda pembeni, na katikati pamebaki mahali peupe. Si upepo uliofanya hivyo. Mafuta yametanda juu ya maji na kuisukuma poda. Yametanda kwa wembamba hata jicho haliyaoni. Kitu hiki tunakiita utando. Mnaujua utando wa maziwa yaliyochemka. Huu ni ndugu yake, lakini ni mwembamba mno.

Zamani sana mtu mmoja wa Marekani, Benjamin Franklin, alifanya jambo hilihili katika bwawa la Clapham, karibu na London. Habari zake zilichapwa mwaka 1774. Alimimina mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chai, na mafuta hayo yakatanda na kutuliza mawimbi madogo mahali penye ukubwa wa karibu nusu eka. Wakulima mlio darasani, ninyi mnaijua nusu eka. Kijiko kimoja cha chai! Basi utando ule ulikuwa mwembamba kiasi gani? Ukichukua unywele mmoja wa kichwani, ukaupasua upande wa unene wake vipande elfu ishirini, kila kipande kingekaribia unene wa utando ule. Franklin mwenyewe hakupiga hesabu hiyo. Ilipigwa baadaye.

Aliyetufundisha kuupima utando vizuri hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa mwanamke aliyekuwa akiosha vyombo. Jina lake Agnes Pockels, wa mji wa Braunschweig katika Ujerumani. Wakati wa ujana wake wanawake hawakupokelewa katika vyuo vikuu vya kwao, naye alibaki nyumbani akiwauguza wazazi wake. Lakini jikoni aliyatazama maji yenye mafuta ya vyombo, akayatazama kwa makini, miaka kwa miaka. Alitengeneza chombo cha bati kama sinia refu, akakijaza maji mpaka ukingoni. Juu yake akalaza kipande cha bati cha kusukumia. Alipokivuta kipande kile huku au kule, utando uliokuwa juu ya maji ulibanwa au ulilegezwa, naye akapima nguvu ya uso wa maji. Aliandika barua kwa mtaalamu mmoja wa Uingereza, Lord Rayleigh, na mwaka 1891 barua yake ilichapwa katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature. Baadaye Irving Langmuir wa Marekani aliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1932 akapewa tuzo ya Nobel. Mpaka leo chombo cha kupimia tando katika maabara kina sura ileile ya chombo cha Bibi Pockels. Nawaeleza habari hii kwa makusudi, mama zangu, maana najua wako kati yenu wanaosema kwamba jikoni hapana elimu.

Sasa tuuingie utando wenyewe. Kila kitu kimefanywa kwa chembe ndogo sana. Chembe hiyo ndogo ya kolesteroli, yenye sifa zote za kolesteroli, inaitwa molekuli. Molekuli ya kolesteroli ina umbo la namna yake. Ina kiwiliwili kigumu, bapa, kilichofanywa kwa pete nne zilizoshikana. Upande mmoja ina mkia mfupi. Upande wa pili ina kichwa kidogo sana, na kichwa hicho ni oksijeni moja na haidrojeni moja. Maji nayo, kama tulivyojifunza katika somo la maji, yamefanywa kwa oksijeni na haidrojeni. Kwa hiyo kichwa hupatana na maji. Kiwiliwili na mkia havipatani nayo hata kidogo, ni mafuta matupu.

Mkiitia kolesteroli juu ya maji, itafanya nini? Kichwa kitaingia majini, na mwili uliobaki utasimama hewani. Mmewahi kuwaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, katika Ziwa Magadi lililomo ndani ya bonde la Ngorongoro? Husimama maelfu kwa maelfu, miguu imo majini, miili iko juu, nao wamesongamana hata huoni maji. Utando wa kolesteroli ni hivyohivyo. Ukiusukuma kwa kile kipande cha bati, mwanzoni husikii kitu. Kisha ghafula unakataa, kama umegonga ukuta. Molekuli zote zimesimama wima, bega kwa bega, na hapana nafasi tena. Kila moja imekalia mahali padogo mno, na mahali hapo pamepimwa. Kwa kipimo hicho twaweza kupiga hesabu: gramu moja ya kolesteroli, yaani kiasi cha viini vitano vya mayai hivi, ikitandazwa hivyo itafunika karibu meta 600 za mraba. Pimeni uwanja wa shule, meta 20 kwa meta 30, mtapata picha yake.

Wengine wataniuliza, utando wa majini unatuhusu nini sisi? Unatuhusu, kwa sababu kila seli ya mwili wako imezungushiwa utando. Seli ni kile chumba kidogo ambacho mwili umejengwa kwacho, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Nje ya seli ni maji, ndani ya seli ni maji, na katikati ni utando wa mafuta wenye tabaka mbili, vichwa vimeelekea majini pande zote mbili. Kati ya mafuta hayo imesimama kolesteroli, kama nguzo kati ya fito. Hiyo ndiyo kazi niliyosema tutaiona. Pasipo kolesteroli utando huwa laini mno na kuvuja. Ikiwapo, huyavuta mafuta jirani yakae karibukaribu, na utando hukaza. Ukitaka kujua tabia ya kolesteroli ndani ya seli, ambako hatuwezi kuingiza mkono, itandaze juu ya maji katika chombo cha Bibi Pockels uipime.

Sasa tuje kwenye kutu.

Jembe likiachwa nje hupata kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewa. Mafuta nayo huungana na oksijeni. Siagi ikikaa wazi juani, huchacha, harufu yake hubadilika, ladha yake hukereketa. Kolesteroli iliyomo ndani yake nayo hupatwa na jambo hilohilo, ila yenyewe haina harufu ya kukuonya. Oksijeni huja ikajibandika juu ya molekuli. Nitaita kitu hiki kolesteroli yenye kutu, nanyi mkumbuke kwamba si kutu ya chuma, ni jina la kutusaidia tu.

Vitu vitatu huharakisha kutu hiyo: moto, mwanga na hewa. Na hapa utando unatufundisha jambo lingine. Kolesteroli iliyo bonge, nyingi imefichika ndani. Hewa inaipata ya nje tu. Lakini iliyotandazwa juu ya maji, molekuli zote ziko nje, hata moja haina pa kujificha. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja aitwaye Weiner na wenzake wawili walichapisha habari za kolesteroli iliyotandazwa hivyo, na jinsi inavyobadilika kwa hewa tu, bila moto wowote. Basi fikirini sufuria pana lenye samli kidogo, limeachwa bila kifuniko. Na fikirini karai la mafuta linalochemka kutwa.

Je, kolesteroli ikipata kutu, hukaaje juu ya maji? Inategemea oksijeni imejibandika wapi. Nitatoa mifano miwili tu.

Wa kwanza, oksijeni imejibandika ubavuni, katika pete za kiwiliwili. Aina hiyo ndiyo iliyo nyingi sana katika vyakula vilivyozeeka. Sasa molekuli ina kichwa kinachopenda maji, tena ina ubavu unaopenda maji. Haiwezi tena kusimama wima sawasawa. Huinama, huegemea. Inataka nafasi kubwa zaidi, na jirani zake hawawezi tena kuja karibu sana. Mmewahi kujenga boma? Nguzo moja ikilala upande, fito za pande zote mbili hazikazi. Ndivyo utando unavyolegea.

Wa pili ni wa ajabu zaidi. Oksijeni imejibandika mwisho wa mkia. Sasa molekuli hiyo ina vichwa viwili, huku na huku! Juu ya maji yenye nafasi hulala chali, vichwa vyote viwili vimeshika maji. Ni kama mtu aliyelala katikati ya uwanja wa mnada asubuhi, kabla watu hawajafika. Watu wanapokuja na ng'ombe na mbuzi, msongamano unaanza, na mtu yule hana budi kusimama. Ndivyo wataalamu wanavyoona katika chombo chao: utando huanza kukataa mapema, ukiwa bado mpana, kwa sababu molekuli zimelala, wakizidi kusukuma, zinainuka. Molekuli za namna hii pia hazitulii mahali pamoja. Kwa kuwa zinapatana na maji kuliko kolesteroli safi, huweza kutoka katika utando mmoja zikapita majini na kuingia utando mwingine, upesi sana.

Rudini kwenye beseni. Mwageni maji yale, lisugueni beseni na kulisuuza vizuri sana, tieni maji mapya na poda mpya. Chovyeni njiti ya pili katika mafuta ya maandazi ya siku nne, mguse katikati. Mara nyingi mtaona poda inakimbia kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza. Mafuta haya ya mimea hayana kolesteroli, lakini yamepata kutu yake yenyewe, na sehemu zake nyingi sasa zinapenda maji. Mama anayekaanga maandazi alilijua jambo hili kabla yangu. Mafuta mapya hayatoi povu kubwa. Yaliyozeeka hupanda povu mpaka ukingoni. Povu ni nini? Ni tando nyingi zilizofunga hewa. Ukiona povu lile, kutu imekwisha kuwa nyingi, wala huna haja ya maabara.

Sasa turudi mwilini, kwenye mishipa ya damu. Mwaka 1913, huko Urusi, Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura kolesteroli, na ndani ya mishipa yao mikubwa mafuta yakagandamana. Tangu hapo watu wengi walisema kolesteroli ndiyo mwenye hatia. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, Imai, Werthessen, Taylor na mwenzao, waliuliza swali dogo: unga wa kolesteroli unaouzwa katika chupa, je, ni safi kweli? Waliutenga uchafu uliokuwemo, na sehemu kubwa ya uchafu huo ikawa ni ile yenye kutu, kwa maana unga ule ulikuwa umekaa sana na hewa. Waliwapa sungura uchafu ule peke yake. Siku moja tu baadaye, seli zilizokufa zilionekana katika ukuta wa mshipa mkubwa. Kolesteroli iliyosafishwa haikufanya madhara kama hayo.

Tuwe waangalifu hapa. Sungura si mtu, na sungura hali samli. Tena si kila kolesteroli yenye oksijeni ni adui. Ini lenyewe huitia oksijeni kwa makusudi ili kutengeneza nyongo, na aina nyingine ni tarishi wa mwili. Madhara hutoka kwenye wingi, na kwenye aina zinazoingia mahali pasipo pake. Lakini aina ile iliyoinama, yenye oksijeni ubavuni, imekutwa kweli ndani ya magamba ya mishipa ya watu wenye ugonjwa wa moyo.

Mwaka 1987 daktari mmoja wa Marekani, Marc Jacobson, alipima samli ya namna inayotumiwa na Wahindi. Katika kila sehemu 100 za kolesteroli na jamaa zake, sehemu 12 hivi zilikuwa na kutu. Katika siagi mpya hakuikuta. Alidhani labda hiyo ni sababu mojawapo ya Wahindi wengi walioko ng'ambo kupata ugonjwa wa moyo. Hiyo ilikuwa dhana yake, haikuwa hukumu. Kiasi cha kutu katika samli kinategemea moto ulikuwa mkali kiasi gani, na samli ilikaa muda gani. Iliyopikwa kwa moto mdogo mpaka maji yakauke tu, kisha ikafunikwa, si sawa na iliyounguzwa mpaka ikawa na rangi ya kahawia.

Sasa, Mzee wangu uliyeniandikia, tumefika kwa baba yako.

Watu walikuja kweli kuwapima Wamasai. Mwaka 1964 daktari George Mann na wenzake walichapisha habari za Wamasai wanaume 400 waliopimwa katika Tanganyika. Chakula chao kilikuwa maziwa na nyama kwa wingi, lakini kolesteroli ya damu yao ilikuwa ndogo, na dalili za ugonjwa wa moyo karibu hazikuonekana. Mwaka 1971 wakaja wengine, na mmoja wao ni huyohuyo Taylor tuliyemtaja habari za sungura. Hao waliona kwamba mwili wa Mmasai ukipokea kolesteroli nyingi kutoka kwenye chakula, hupunguza sana ile inayotengenezwa mwilini. Lakini sikiliza na hili. Mwaka 1972 Mann alichapisha habari za mioyo na mishipa ya wanaume 50 waliokuwa wamekufa. Mafuta yalikuwamo katika mishipa yao, tena si haba. Ila mishipa ilikuwa imepanuka, hata damu ikapata njia. Yeye alidhani ni kwa sababu ya kutembea sana.

Kwa hiyo baba yako hakuwa na bahati tu. Alitembea nyuma ya ng'ombe kutoka Endulen mpaka Nainokanoka na kurudi, na hapana aliyeita mwendo huo mazoezi. Maziwa aliyokunywa yalitoka kwenye kiwele yakaingia kwenye kibuyu chenye mfuniko, na maziwa mapya au ya mgando karibu hayana kutu yoyote. Nyama yake ilichemshwa katika supu zaidi kuliko kukaangwa. Na ndani ya supu ile palitiwa kitu.

Unajua ninachotaka kusema. Ganda la olkiloriti, na mizizi na maganda mengine ya porini. Katika miaka ya 1990 mtafiti Timothy Johns wa Canada, pamoja na Mahunnah wa Muhimbili na wenzao, walichunguza vitu ambavyo Wamasai na Wabatemi wa wilaya ya Ngorongoro hutia katika supu ya nyama na maziwa. Mwaka 1999 walichapisha kwamba karibu nane katika kila kumi za dawa hizo zina mojawapo ya namna mbili za vitu, au zote mbili. Namna ya kwanza inaitwa saponini. Hutoa povu kama sabuni. Saponini hukamatana na kolesteroli, na wataalamu huliona hata juu ya maji: ukiitia saponini chini ya utando wa kolesteroli, utando hubadilika, maana saponini imeingia kati na kushikana nayo. Namna ya pili ni jamii ya tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna ganda, ambayo hutumika pia kutengenezea ngozi. Jamii hiyo huikamata oksijeni mbaya kabla haijajibandika kwenye mafuta. Tukisema kwa jina letu la leo, huzuia kutu.

Wazee wale hawakuwa na chombo cha bati wala hesabu za molekuli. Walikuwa na ulimi, na macho, na kumbukumbu ya vizazi. Mimi nawaheshimu kwa hilo, ingawa sitasema kwamba kila ganda la mti ni dawa, kwa sababu saponini ikizidi hudhuru, na miti mingine ni sumu kabisa. Wanaojua ni wale waliofundishwa, si kila mwenye panga.

Lakini Mzee, tazama na chakula chako wewe. Siku hizi katika maboma mengi ugali ndio chakula kikuu, na chai ina sukari nyingi. Ganda la olkiloriti halitiwi kila supu. Safari ya Karatu unapanda gari. Samli ya dukani hujui ilipikwa lini wala ilikaa juani siku ngapi. Chipsi za mjini zimekaangwa katika mafuta ya povu. Kwa hiyo zahanati haikukudanganya. Ilipima damu yako, haikupima damu ya baba yako. Fuata neno lao la kupunguza, na ukipangiwa siku ya kupimwa tena, nenda, na shindikizo la damu wapime pia. Kama unavuta sigara, hiyo iache kwanza kabla ya samli.

Kwa samli kidogo utakayobaki nayo, na kwa mama zangu wote wanaonisikia: ipikeni kwa moto mdogo, msiiache ipate rangi ya kahawia. Iwekeni katika chombo kidogo kinachojaa, chenye mfuniko, mahali penye baridi na giza. Na baridi ya Karatu mnayo bure. Msiitie samli mpya juu ya masalio ya zamani. Mayai na maziwa mapya ni bora kuliko ya unga yaliyokaa ghalani. Mafuta ya kukaangia yakianza kupanda povu au kufanya moshi mapema, yamwageni. Najua kumwaga mafuta kunauma, kwa bei ilivyo. Basi kaangeni kwa mafuta kidogo, na siku nyingine chemsheni.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja aandike maneno matano mapya ya leo: utando, molekuli, seli, kutu, kolesteroli. Kisha aandike sentensi tatu juu ya mafuta ya nyumbani kwake: yananunuliwa lini, yanawekwa katika chombo gani, na hukaangiwa mara ngapi. Andikeni ukweli, hakuna atakayewacheka. Na wewe Mzee, niandikie tena ukiisha kupimwa mara ya pili. Safari hii nitajie na jina la lile ganda lingine ambalo baba yako alilitia katika supu pamoja na olkiloriti, maana katika barua yako hukulimaliza, karatasi ilikwisha.

Kwaherini, na lile beseni lisuuzeni kabla ya kumrudishia mwenyewe.